Kinyesi kibichi cha kuku ndicho kilichounguza sukuma zako

Dada, umeuliza kama sukuma wiki ulizopanda kwenye gunia la udongo zinaumwa; majani kukauka ncha siku nne baada ya kuweka kinyesi cha kuku humo si ugonjwa. Kikiwa kibichi kina naitrojeni kali mno, kinachoma mizizi. Kitoe cha juu, umwagilie maji mengi ili makali yapungue. Kilichobaki kirundike kivulini na maranda au majani makavu, uwe unakigeuza kila wiki. Baada ya miezi miwili mitatu, kikinukia udongo badala ya banda, kitumie. (Mimi niliua mnavu wa gunia zima kwa haraka hiyo hiyo.)

Ile miche ya ubavuni mwa gunia, kule chini, iliyodumaa nayo ina kiu tu. Gunia lako lina mawe katikati? Watu wa Kibera, mtaa wa Nairobi, huchukua mkebe uliokatwa kitako, wakausimamisha katikati, wakaujaza kokoto na kuzungushia udongo, halafu wanauvuta juu na kurudia mpaka gunia lijae. Maji hushukia humo hadi chini. Bila hizo kokoto, sukuma za juu zinakunywa peke yao.