Manila, chupa za soda na alama ya 2: majibu kwa wasomaji kuhusu mtaala wa shule za msingi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: ni mtaala unaosema hivi, au ni shule? Mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulianza kutumika kote nchini Kenya Januari 2019, na bado wazazi na walimu wengi wanaujua kupitia kitabu cha kiada au kupitia ujumbe wa WhatsApp wa darasa. Mtaala wenyewe umo katika disaini, yaani miongozo ya kila somo, zinazotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), na unaweza kuzisoma bila malipo kwenye tovuti yake. Wakati mwingine tofauti kati ya disaini na unachoambiwa langoni mwa shule ni kubwa.

Mwanangu yuko Gredi ya 4. Kila wiki ni karatasi ya manila, gundi, picha za kuchapisha saiba. Juzi nilitumia shilingi 350 kwa kikaragosi, na mwishowe nikakishona mimi mwenyewe saa tano usiku. Mtaala ndio unataka hivyo? (Mama, Kayole)

Hapana, mama. Fungua disaini ya somo lolote utaona safu: mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, mapendekezo ya shughuli za ujifunzaji, na maswali dadisi. Neno la kushika hapo ni "mapendekezo". Vifaa vinavyokusudiwa ni vile vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto, na mazingira ya Kayole ni vizibo, maboksi, vitambaa vya fundi na soksi iliyopotelewa na mwenzake.

Kikaragosi cha soksi kinahitaji soksi moja kuukuu, vifungo viwili vya macho, uzi na sindano. Anachopaswa kutazama mwalimu ni kama mtoto alipanga kazi, akachagua vifaa, akashona au kubandika, kisha akaweza kueleza alivyofanya. Ukikishona wewe, mwalimu anapokea kikaragosi kizuri ambacho hakimwelezi lolote kuhusu mwanao. Atakapomuuliza, "Ulianza wapi?", mtoto atatazama dari.

Wewe tia uzi kwenye sindano, kata panapohitaji wembe, halafu uache mishono iende upogo. Andika sentensi moja kwenye daftari: "Nimemkatia, ameshona mwenyewe." Kuhusu picha za saiba, mwambie mwalimu kwamba mchoro wa mkono unatosha, au picha moja itumiwe na kundi la watoto sita. Na kwenu walimu: mkitoa alama ya juu kwa kazi iliyopendeza zaidi, ni nyinyi mnaowatuma akina mama kushona usiku.

Nina wanafunzi 72 katika darasa moja. Disaini inasema wajifunze kwa vitendo, nami nimtathmini kila mmoja. Kwa dakika 35? (Mwalimu wa Hisabati, Mukuru)

Kwa kipindi kimoja haiwezekani, na hakuna anayekudai hivyo. Gawanya kazi ya kutathmini katika vipindi kadhaa. Watoto 72 ni makundi 12 ya sita sita. Kila kipindi wote wanafanya shughuli, lakini wewe na jedwali lako mnakaa na makundi mawili tu. Hao ni watoto 12, hivyo darasa zima linaisha kwa vipindi sita. Hisabati ina vipindi vitano kwa wiki katika gredi za juu za msingi, kwa hiyo ni wiki moja na siku moja. Panga mada ndogo fupi fupi ziende pamoja kwenye mzunguko huo.

Tuchukue ujazo. Kila kundi linahitaji chupa moja ya lita 1, moja ya mililita 500, na faneli iliyokatwa kwa kichwa cha chupa nyingine. Maji lita 2 kwa kundi ni lita 24 kwa darasa, yaani mtungi mmoja wa lita 20 na nyongeza kidogo. Pale maji yanaponunuliwa, makundi yapokezane maji yale yale juu ya beseni. Dakika 5 za kukadiria ("chupa ndogo ngapi zitajaza kubwa?"), 15 za kumimina, 10 za makundi kusema yalichopata, 5 za kuandika.

Somo hili huharibika sehemu tatu. Kwanza, watoto huleta chupa za soda za mililita 300. Tatu zinatoa 900, na darasa linaondoka likiamini kwamba lita ni "chupa tatu na kidogo". Kagua chupa asubuhi, si wakati wa kipindi. Pili, chupa ya 500 ikijazwa hadi mdomoni inabeba zaidi ya 500. Wakijaza ndogo hadi pomoni na kubwa hadi shingoni, maji yatamwagika nao watadhani wamekosea hesabu. Dawa ni kupiga mstari kwa biro usawa wa soda kabla chupa haijafunguliwa. Soda ikishanyweka, alama ya kweli imeenda nayo. Tatu, mtoto mmoja mwepesi anamimina huku watano wakitazama. Toa majukumu (anayemimina, anayeshika faneli, anayekadiria, anayesoma mstari, anayeandika, atakayeripoti) na uyazungushe kila baada ya kumimina mara moja.

Jedwali lako liwe na majina 12 na viwango vinne, kutoka 4 hadi 1. Anayezidisha matarajio anakadiria kwa karibu, anapima sawasawa na kueleza sababu. Anayefikia anapima sawasawa. Anayekaribia anapima akikumbushwa mstari. Aliye mbali na matarajio anahitaji kushikwa mkono. Andika nambari tu pale pale, maoni uyaandike jioni kwa wale wa 1 na 2 peke yao. Walimu wanaojaza maoni ya watoto wote 72 hunakili sentensi moja mara 72, na karatasi hiyo haimsaidii yeyote.

Ripoti ya binti yangu wa Gredi ya 4 ina 2 katika Hisabati. Hiyo ni asilimia 50? Nimtafutie tuisheni sasa au ningoje Gredi ya 6? (Baba, Umoja)

Si asilimia. Ni "kukaribia matarajio" katika kazi zilizopimwa. Tulizoea KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa alama 500, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ndiyo maana macho yanatafuta kugawanya. Muulize mwalimu, "Ni mada ndogo gani?" Binti anayepata 2 kwa sababu ya hesabu za sehemu (nusu, robo) na yule anayepata 2 kwa sababu ya kugawanya hawahitaji msaada mmoja.

Ila usingoje Gredi ya 6. Tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 zina asilimia 20 kila moja, na KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwishoni mwa Gredi ya 6, ina 40. KPSEA haimchagulii shule ya sekondari msingi, kwani wengi huendelea katika ua ule ule wa shule ya msingi. Lakini inamfuata: Gredi ya 9 ikifika, KPSEA huchangia asilimia 20 ya alama za kumpeleka sekondari ya juu, tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9 yenyewe, asilimia 60.

Tuisheni ya likizo imepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kwa hesabu za sehemu, chapati moja iliyokatwa vipande vinne, kisha vinane, itamfaa kuliko kitabu cha maswali 500.

Mtoto wa Gredi ya 2 anasoma Kiingereza mbio mbio lakini Kiswahili polepole. Tena kuna kipindi cha lugha ya mama, na nyumbani tunazungumza Kiswahili na Sheng. (Mzazi, Githurai)

Polepole kuliko nini? Viwango vilivyotumika katika Tusome, mradi wa kufundisha kusoma, kwa kiwango hicho cha darasa vilikuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Maneno ya Kiswahili ni marefu: "hatutawaona" ni neno moja lililobeba sentensi nzima. Mpime kwa dakika moja, kisha mwambie akusimulie alichosoma. Akisoma mbio na asiweze kusimulia, tatizo liko kwenye kile Kiingereza chake cha kasuku, si kwenye Kiswahili.

Sera ya lugha inataka Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika mitaa mchanganyiko ya Nairobi mara nyingi hiyo ni Kiswahili. Lugha ya kiasili ina vipindi viwili tu kwa wiki. Mpigie nyanya yake simu jioni ya kabla ya kipindi: salamu, majina ya vyakula, kitendawili kimoja. Mwandikie mwalimu ni lugha gani, kwa sababu huenda darasa lake lina lugha nane naye anajua moja.

Tunahamia Nairobi kutoka Kitui muhula wa pili. Mtoto yuko Gredi ya 5. (Mzazi)

Kabla ya kuondoka, chukua cheti cha kuzaliwa, nambari ya UPI (ya kumtambulisha mwanafunzi), nambari ya tathmini ya KNEC (baraza la mitihani) na ripoti ya tathmini ya Gredi ya 4. Hakikisha shule mpya imeomba uhamisho kwenye mfumo wa KNEC, si kumwandika kwenye rejista ya darasa peke yake. Wakimsajili upya anaweza kuwa na nambari mbili, na alama za Gredi ya 4 zikabaki kwenye ile ya Kitui. Uliza tena kabla ya muhula wa pili kwisha.