Kabla ya kuhamisha faili kwa tarehe, amua ni tarehe ipi

Wanaoniomba skripti ya kupanga faili kwenye folda za mwaka na mwezi huwa wanataka amri ya kuhamisha. Amri hiyo ni rahisi. Mimi huwauliza kwanza: unataka tarehe ipi? Kwenye Linux kila faili hubeba zaidi ya moja. Mtime ni wakati yaliyomo ndani yalipobadilishwa mara ya mwisho, na atime ni wakati faili iliposomwa. Ctime, ambayo wengi huidhania kuwa tarehe ya kuzaliwa kwa faili, ni wakati taarifa kuhusu faili zilipobadilika, kwa mfano ruhusa au mmiliki wake.

Kwa kawaida tunatumia mtime, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Ukinakili picha kwa `cp` tupu, nakala zote hupata mtime ya sasa hivi. Picha za miaka kadhaa zitaingia kwenye folda ya mwezi huu, na skripti yako haina kosa lolote. Basi nakili kwa `cp -p` au `rsync -a`, ambazo hutunza tarehe za awali.

Kama tarehe zilishapotea, kwa picha bado kuna tumaini: kamera huandika wakati wa kupiga ndani ya picha yenyewe, kwenye taarifa za EXIF. Programu ya exiftool huzisoma na kuhamisha moja kwa moja:

`exiftool -d %Y/%m '-Directory<DateTimeOriginal' .`

Picha isiyo na taarifa hiyo hubaki ilipo. Mimi napenda hivyo. Afadhali faili ibaki nje kuliko kupelekwa kwenye mwaka usio wake.

Kwa nyaraka, kumbukumbu za seva na faili nyingine ambazo mtime yake unaiamini, skripti hii inatosha:

```
#!/bin/bash
chanzo="$HOME/Nyaraka"
find "$chanzo" -maxdepth 1 -type f -print0 |
while IFS= read -r -d '' faili; do
  folda="$chanzo/$(date -r "$faili" +%Y/%m)"
  echo mkdir -p "$folda"
  echo mv -nv "$faili" "$folda/"
done
```

Tazama zile `echo` mbili. Zikiwepo, skripti inakuonyesha tu itakachofanya, haigusi kitu. Isome orodha yote, hasa mwanzo na mwisho wake, ukitafuta mwaka wa ajabu. Ukiona faili inapelekwa 1970, ujue tarehe yake ni sifuri, kwa kuwa mifumo ya Unix huhesabu muda kuanzia tarehe 1 Januari mwaka huo. Ukiridhika, ondoa `echo` zote mbili.

`-maxdepth 1` inaizuia `find` isiingie kwenye folda ambazo skripti yenyewe imezitengeneza. Alama za nukuu kuzunguka `"$faili"` usiziache hata siku moja: jina kama `ripoti ya Machi.pdf` bila nukuu hukatwa vipande vitatu, na kila kipande huchukuliwa kuwa faili inayojitegemea. `-print0` pamoja na `-d ''` hufanya kazi hiyohiyo ya kulinda majina, hata yale yenye mstari mpya katikati.

Kwenye macOS, badala ya `date -r` tumia `stat -f %Sm -t %Y/%m "$faili"`.

Kinachonifanya nisisitize `-n` kwenye `mv` ni majina yanayojirudia. Kamera nyingi huhesabu picha kwa tarakimu nne. Zikifika 9999 zinaanza tena 0001. Ukiwa na kamera mbili, mgongano wa majina hautakawia. Bila `-n`, picha ya pili inaandikwa juu ya ya kwanza, na ya kwanza haipo tena. Ukiwa nayo, ile ya pili inabaki ilipokuwa. Baada ya kazi, angalia kilichobaki kwenye folda ya chanzo na ukilinganishe kwa `cmp` na faili yenye jina hilohilo kule kilikotakiwa kwenda. Zikiwa sawa kabisa, futa moja. Zikitofautiana, badilisha jina.

Ukitaka kuhamisha faili za zamani tu, kuwa makini na `-mtime +30`. `find` huhesabu siku za saa 24 na kutupa masalio, kwa hiyo `+30` maana yake ni angalau siku 31. Ukihitaji mpaka ulio wazi, andika tarehe yenyewe. Hizi hapa ni faili za mwaka 2023 pekee:

`find . -type f -newermt 2023-01-01 ! -newermt 2024-01-01`

Folda zenyewe zipe namba, 2024/03, wala si majina ya miezi. Kwa majina, Aprili na Agosti zitatangulia Januari kila unapofungua orodha.

Skripti ikishazoeleka unaweza kuikabidhi kwa cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, iende yenyewe usiku. Hapo ongeza `-mmin +10` kwenye `find`, yaani faili zilizobadilishwa zaidi ya dakika 10 zilizopita, isije ikahamisha faili ambayo bado inapakuliwa. Kisha elekeza matokeo kwenye faili ya kumbukumbu kwa `>> "$HOME/uhamisho.log"`. Ile `v` kwenye `-nv` itaandika kila faili ilikotoka na ilikokwenda, na ukihitaji kurudisha kitu mahali pake utaisoma njia yake humo.