Maswali ya Wasomaji: Filamu ya Flor Contemplacion na Yaliyotokea Kweli

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nimetazama The Flor Contemplacion Story, filamu ya Kifilipino kuhusu mfanyakazi wa ndani aliyenyongwa Singapore, na machozi yalinitoka. Filamu inamwonyesha mama yule kuwa hakuua mtu. Je, ndivyo ilivyokuwa? Na kama ndivyo, mbona serikali yake haikumwokoa?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Filamu hiyo imejengwa juu ya mambo yaliyotokea kweli, lakini inayasimulia kwa jicho la familia ya Flor na la Wafilipino wengi waliomwamini, ambalo ni tofauti kabisa na jicho la mahakama iliyomhukumu.

Yasiyo na ubishi ni haya. Flor Contemplacion, mama wa watoto wanne kutoka San Pablo katika jimbo la Laguna, alikwenda Singapore mwaka 1988 kufanya kazi za ndani. Mwezi Mei 1991 rafiki yake Delia Maga, Mfilipino mwenzake aliyefanya kazi kama yake, alikutwa ameuawa kwa kukabwa koo, na mtoto wa kiume wa miaka minne aliyekuwa akimlea alikutwa amekufa maji. Polisi walimfikia Flor baada ya kuliona jina lake katika shajara ya Delia, naye akakiri. Mahakamani, mtaalamu wa magonjwa ya akili wa upande wa utetezi alieleza kuwa huenda alitenda akiwa katika hali ya kifafa iliyomwondolea fahamu, lakini hakimu hakukubali hoja hiyo. Alihukumiwa kifo mwaka 1993, rufaa yake ikashindwa, na alfajiri ya tarehe 17 Machi 1995 akanyongwa katika gereza la Changi akiwa na umri wa miaka 42.

Ubishi ulianza wakati siku zake zilipokuwa zinahesabika. Mfanyakazi mwingine wa Kifilipino alijitokeza na kudai kusikia kwamba mtoto alizama akiogeshwa baada ya kushikwa na kifafa, na kwamba Delia aliuawa na mtu mwingine kwa hasira. Yakasikika pia madai kwamba Flor aliteswa ili akiri. Singapore ilisema madai hayo yamechunguzwa na kuonekana hayana msingi, na ombi la Rais Fidel Ramos wa Ufilipino la kutaka hukumu isitishwe kwanza halikukubaliwa. Mwili wa Delia ulifukuliwa nchini Ufilipino, na wachunguzi wa huko wakasema majeraha yake hayalingani na maelezo ya Singapore. Baadaye mwaka huohuo wataalamu huru kutoka Marekani waliafiki matokeo ya Singapore, na serikali ya Ufilipino ikayapokea.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama filamu inathibitisha kwamba Flor hakuwa na hatia, nitakujibu kwamba haithibitishi, wala haikuweza kuthibitisha, kwa kuwa ilitengenezwa na kuonyeshwa ndani ya mwaka uleule wa kunyongwa kwake, wakati majonzi yalikuwa bado mabichi na baadhi ya uchunguzi haujakamilika. Mwongozaji Joel Lamangan, pamoja na waandishi Ricky Lee na Bonifacio Ilagan, walichukua kile ambacho mamilioni ya watu wao walikiamini na wakakiweka kwenye skrini. Mimi naiheshimu filamu hii kwa sababu hiyo. Imani ile ilikuwa na chanzo: watu waliona kwamba maskini aliyekwenda kufanya kazi ugenini alipita polisi, mahakama na rufaa huku nchi yake ikiwa mbali naye, na kwamba viongozi walianza kuhangaika wakati kamba ilikuwa karibu shingoni. Hilo la kuachwa peke yake lina uzito hata kwa mtu anayeamini kwamba mahakama ilihukumu sawasawa, na filamu inalieleza vizuri kuliko inavyoieleza kesi yenyewe.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mwigizaji mkuu alipata tuzo nje ya nchi yake? Na je, yeye naye aliwahi kufanya kazi za ndani?

JIBU: Tuzo ni kweli. Nora Aunor alitangazwa kuwa mwigizaji bora wa kike katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Kairo mwaka 1995, na filamu yenyewe ikatwaa Piramidi ya Dhahabu, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya tamasha hilo. Kuhusu swali lako la pili, ninachojua ni kwamba umaskini aliujua tangu utotoni, kwani aliwauzia maji abiria katika kituo cha treni cha Iriga kabla ya kushinda mashindano ya kuimba na kupata umaarufu. Nchi yake ilimtunuku cheo cha Msanii wa Taifa mwaka 2022, naye akafariki Aprili 2025. Ukiirudia filamu hii, mtazame hasa anaponyamaza. Waigizaji wengi wangepiga kelele katika matukio ya gerezani. Yeye anayaachia macho kazi hiyo, na ndiyo maana hata asiyejua neno moja la Kitagalogi anamwelewa.

SWALI: Mimi niliwahi kufanya kazi za ndani ughaibuni. Kinachoniuma ni kwamba kila mtu anamlilia Flor, na Delia hatajwi. Yeye si ndiye aliyeuawa?

JIBU: Dada yangu, umesema jambo ambalo limesemwa mara chache mno. Delia Maga naye aliondoka kwao kutafuta riziki, naye alirudishwa ndani ya jeneza, tena miaka minne kabla ya Flor, wakati hapakuwa na maandamano wala mke wa rais wa kumpokea uwanja wa ndege kama ilivyokuwa kwa mwenzake. Kaburi lake lilipokuja kufunguliwa, lilifunguliwa kwa ajili ya kumtetea mtu mwingine. Na yule mtoto wa miaka minne, ambaye wazazi wake walibaki na msiba wao, anakumbukwa hata kidogo kuliko Delia.

Zilitengenezwa filamu tatu juu ya mkasa huu ndani ya mwaka 1995 peke yake. Tikoy Aguiluz aliongoza Bagong Bayani, ambamo Flor ameigizwa na Helen Gamboa, na Carlo J. Caparas akatengeneza nyingine iliyobeba jina la Delia mwenyewe. Hata hivyo, iliyodumu katika kumbukumbu za watu ni ya Nora Aunor, na humo kifo cha Delia ni mlango wa kuingilia katika hadithi ya Flor. Hilo naliona kuwa ndilo pungufu kubwa la filamu, kubwa kuliko kosa lolote la tarehe au la mwenendo wa mahakama.

SWALI: Baada ya vilio vyote vile, kuna chochote kilichobadilika kwa wafanyakazi wa Kifilipino?

JIBU: Kipo. Ufilipino ilimwita nyumbani balozi wake, waziri wa mambo ya nje Roberto Romulo akajiuzulu, na tarehe 7 Juni 1995 Rais Ramos akatia saini Sheria Namba 8042 inayohusu wafanyakazi wahamiaji. Sheria hiyo iliweka adhabu kali kwa mawakala wa ajira wasio halali, ikaanzisha mfuko wa peso milioni 100 wa kulipia msaada wa kisheria kwa walioshtakiwa ugenini, na ikaagiza kuwapo vituo vya kuwahudumia wafanyakazi katika nchi zenye Wafilipino wengi. Ilirekebishwa mwaka 2010, na mwishoni mwa mwaka 2021 ikatungwa sheria ya kuunda wizara kamili ya wafanyakazi wahamiaji.

Kivuli cha Flor kilionekana pia katika siasa. Mwaka 2004 dereva wa lori Angelo de la Cruz alipotekwa nchini Iraki, Rais Gloria Arroyo aliondoa wanajeshi wake mapema ili dereva huyo aachiliwe, ingawa Marekani ilichukizwa. Hakuna rais wa Ufilipino aliyetaka jeneza jingine la namna ile. Mary Jane Veloso, Mfilipino aliyehukumiwa kifo nchini Indonesia kwa kosa la dawa za kulevya, alinusurika kupigwa risasi mwaka 2015 na akarejeshwa kwao Desemba 2024. Lakini mfumo wa kuwapeleka watu nje kwa wingi, ulioanza kupangwa na serikali ya Ferdinand Marcos mwaka 1974, haukuguswa. Wanaoondoka wanalindwa zaidi kuliko zamani, na bado ni wengi wanaoondoka kwa kukosa kazi ya kuwalisha watoto wao.

SWALI: Naomba kutajiwa filamu nyingine ya aina hii, ikiwezekana isiyoishia kwenye kifo.

JIBU: Tafuta The Sarah Balabagan Story ya mwaka 1997, ambayo pia imeongozwa na Lamangan, na ndani yake ameigiza Vina Morales. Sarah alikuwa binti mdogo kutoka Mindanao, kusini mwa Ufilipino, aliyepelekwa Umoja wa Falme za Kiarabu kwa hati zilizomwongezea umri. Alimuua mwajiri wake mwaka 1994, akieleza kwamba alikuwa akijikinga asibakwe. Mahakama ya pili ilimhukumu kifo Septemba 1995, miezi michache tu baada ya msiba wa Flor, na safari hii kelele zilipigwa mapema, si nchini mwake peke yake. Hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo cha mwaka mmoja na viboko 100, pamoja na fidia kwa familia ya marehemu, naye akarudi nyumbani Agosti 1996. Ukizitazama zote mbili, anza na ya Flor.