Re: Sindano ya seli shina kwa goti la mama

Ndugu yangu, umeuliza kama uuze kiwanja ili mama achomwe sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Kwa sasa, usiuze.

Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichakaa halijirudishi. Wazo la kulikuza upya si uongo. Mwaka 1994 madaktari wa Sweden walieleza jinsi walivyochukua seli za gegedu la mgonjwa, wakazizidisha maabara na kuzirudisha gotini. Lakini hiyo ni kwa shimo dogo, hasa la kijana aliyeumia. Goti la mama limechakaa lote, hilo ni jambo jingine.

Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2023, lenye wagonjwa zaidi ya 400, lililinganisha seli za uboho, za mafuta na za kitovu na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja, hakuna iliyoishinda steroidi kwa maumivu. Anayekuhakikishia gegedu jipya anauza matumaini, na hilo linaniuma sana.

Umesema akishuka feri Likoni maji yakiwa yamekupwa, ule mwinuko wa kupanda humtesa. Hapo kazi ni ya misuli ya paja. Mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, afundishwe kuinuka kitini bila kushika, kila siku. Akiwa mzito, kila kilo anayopunguza hulipunguzia goti takriban kilo nne kwa kila hatua. Fimbo aishike mkono wa upande usiouma. Na mfikishie shikamoo yangu.