Toyota 86 kwenye lami iliyolowa: anza na matairi

Ukitoka kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ukaingia kwenye Toyota 86, mvua ndiyo itakayokuonyesha tofauti. Gari ni jepesi, kilo 1,200 na ushee, na nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma. Wengi wakishalinunua huongeza rimu kubwa na matairi mapana kuliko yale 215/45R17 ya kiwandani. Kwenye lami kavu yanasaidia. Kwenye maji, tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma kando, kwa hiyo linapanda juu ya maji mapema.

Basi kagua matairi kabla ya kuwaza kona. Tairi jipya la spoti huwa na kashata za kina cha milimita 7 hadi 8. Sheria za Ulaya zinaruhusu litumike hadi 1.6, lakini kwa gari hili likifika 3 tafuta jingine. Pima sehemu tatu: ukingo wa nje, katikati na ukingo wa ndani. Gari lililoshushwa, magurudumu yakalazwa, hula ukingo wa ndani, na ukisimama kando yake utaona tairi ni zima kabisa. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hukakamaa na kuteleza hata kashata zikiwa bado ndefu. Matairi ya mashindano yenye mifereji michache, mfano Toyo R888R, yaache kwa siku za uwanjani.

Ukinunua mawili tu, yafunge nyuma. Fundi anaweza kukushauri mbele kwa kuwa ndiko kuna usukani, ila pua ikiteleza unapunguza mwendo na gari linarudi. Mkia ukichomoka, mgeni hana muda wa kufikiri.

Upepo ujaze kwa kipimo cha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tairi likiwa la baridi. Kupunguza upepo ni dawa ya mchanga, na wanaoihamishia kwenye mvua wanajidanganya. Kanuni ya watafiti wa NASA, iliyotokana na matairi ya ndege, inasema mwendo ambao tairi huanza kuelea, kwa kilomita kwa saa, ni takriban 16.7 mara kipeuo cha pili cha upepo wa tairi kwa psi. Psi 32 inakupa kama 94. Ukishusha hadi 22, inashuka hadi 78. Ni makadirio ya maji yaliyozidi uwezo wa kashata, lakini mwelekeo uko wazi.

Sasa barabarani. Mshiko wa tairi ni mmoja, nao unagawanywa kati ya breki, usukani na mafuta. Maliza breki gari likiwa limenyooka, ndipo ukate kona, na mafuta uyaongeze kadiri unavyorudisha usukani. Ukishusha gia katikati ya kona na kuachia klachi ghafla, magurudumu ya nyuma yanajifunga kidogo na mkia unatoka, bila hata kugusa breki.

Pua ikikataa kona, usizidishe usukani. Legeza mafuta taratibu, rudisha usukani kidogo, subiri tairi lishike. Mkia ukitoka, legeza mafuta bila kuyakata, tazama unakotaka kwenda, zungusha usukani upande mkia unakokwenda, na uurudishe mara tu gari linapoanza kunyooka. Anayechelewa kuurudisha hurushwa upande wa pili, na mara ya pili ndiyo kali zaidi.

Usukani ukiwa mwepesi ghafla na injini ikapanda mizunguko bila mwendo kuongezeka, tairi zinaelea. Shika usukani ulionyooka, achia mafuta polepole, usikanyage breki. Ukiwa umeukata, tairi zikigusa lami gari litaruka upande huo.

VSC, mfumo wa gari wa kudhibiti mtelezo, iache imewashwa. Inabana breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini, lakini haiongezi mshiko usiokuwepo.

Mahali pa kuogopa: mifereji iliyochimbwa na malori, maana ndimo maji hutuama (endesha pembeni yake), mistari ya rangi, mizunguko ya barabara na vituo vya mabasi panapodondoka dizeli. Na dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi kirefu, vumbi na mafuta vinapochanganyika na maji machache, lami huteleza kuliko itakavyoteleza mvua ikishanyesha sana na kuiosha.