Meli ya mtoni Ulaya, Passau hadi Budapest: itawafaa wazazi wako?

Dada, umeuliza kama mafao ya baba yatumike kuwapeleka yeye na mama kwenye safari ya meli ya mto Danube, kutoka Passau (Ujerumani) hadi Budapest (Hungary), na kama kweli wataifurahia. Naishi Bavaria, Ujerumani. Njia hiyohiyo niliipita na mama yangu na mama mdogo walipokuja kututembelea kutoka Tanga, na baadaye mimi na mume wangu tukapanda ya mto Rhine. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kabla ya bei, jiulize kama wazazi wako wanaridhika kupangiwa siku. Kwenye meli hizi saa ya kula imepangwa, saa ya kushuka imepangwa, na saa ya kurudi imebandikwa ubaoni. Ukichelewa, meli inang'oa nanga. Mama yangu, ambaye maisha yake yote ndiye aliyewaamsha na kuwapikia wengine, alistarehe kwelikweli: anaamka, chai ipo, kitanda kinatandikwa, mji unamfuata mlangoni. Mume wangu alikuwa kinyume kabisa. Tulipofika Strasbourg, mji wa Ufaransa kando ya Rhine, alitaka akae mgahawani mpaka jioni, apotelee vichochoroni, aongee na watu. Ikabidi turudi melini akiwa ndiyo kwanza anauzoea mji. Huduma zilikuwa nzuri safari zote mbili, tofauti ilikuwa ya watu. Kama baba yako ni mtu wa kutoka asubuhi bila kuaga na kurudi anapotaka, usimfungie kwenye meli.

Tena si zile meli za baharini zenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za maonyesho. Malango ya maji ya mito hii, yaani vyumba vya kupandisha na kushusha meli, ndiyo yanayoamua ukubwa wa meli, kwa hiyo nyingi hazizidi mita 135 kwa urefu na mita 11.4 kwa upana, na abiria huwa chini ya 200. Jioni kuna mpiga piano, pengine kikundi cha ngoma za hapo mjini, halafu watu wanakwenda kulala. Wengi ni wastaafu. Kwa wazazi wako hilo ni jema. Kwa wajukuu lingekuwa adhabu.

Jambo moja lililowafurahisha sana wazee wangu ni utulivu wa maji. Mama mdogo boti ya Pemba humtapisha, akifika mkondo wa Nungwi hajiwezi. Danube haina mawimbi ya namna hiyo, alikula na kulala kama yuko nyumbani. Na yale malango yenyewe ni burudani. Passau mpaka Budapest ni kama kilomita 580 na yako 11. Meli inaingia kwenye chumba cha zege, lango linafungwa nyuma, maji yanapunguzwa taratibu, na kuta zinapanda pembeni mpaka unaweza kuzigusa. Mama alikuwa akiamka usiku kuchungulia.

Hapo kwenye usiku ndipo pa kuwa makini. Watu wengi hudhani watakaa kwenye sitaha siku nzima wakitazama mto. Ukweli ni kwamba meli hizi husafiri sana usiku, ili mchana ziwe gatini. Kipande kizuri kuliko vyote kwenye njia hiyo ni bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems: mashamba ya mizabibu ya ngazingazi, miti ya aprikoti, na Dürnstein, ambako Richard mfalme wa Uingereza alifungwa mwishoni mwa mwaka 1192. Soma ratiba uhakikishe Wachau inapitwa mchana, na kwamba kuingia au kutoka Budapest ni usiku, taa za jengo la Bunge zikiwa zimewashwa na kumulika majini. Ratiba isiyo na vitu hivyo viwili mimi nisingeilipia.

Umesema goti la baba linasumbua. Watu husema meli ya mtoni ni ya wazee, na wakasahau kwamba kila siku kuna kushuka. Miji ya zamani ina barabara za mawe, Dürnstein ina vilima, na waongozaji hutembea kwa saa mbili bila kukaa. Wakati mwingine meli mbili au tatu hufungwa ubavu kwa ubavu, ukapita ndani ya meli ya jirani, ngazi juu ngazi chini, ndipo ufike nchi kavu. Lifti, hata ikiwepo, mara nyingi haifiki vyumba vya chini wala sitaha ya juu. Vyumba vya chini ni nafuu, lakini dirisha lake liko karibu na usawa wa maji na halifunguki. Kwa goti hilo lipa zaidi upate ghorofa ya kati. Uliza pia kama kuna kundi la watembeao polepole, kampuni nyingi huwa nalo. Bratislava gati liko jirani kabisa na mji wa kale. Vienna kituo kiko karibu na daraja la Reichsbrücke, mbali na katikati ya mji, ila treni ya chini kwa chini ya U1 inakufikisha Stephansplatz, hapo katikati, upesi.

Chakula: nguruwe na divai viko kila mahali, mpaka kwenye mchuzi. Tuliandika mapema kwamba wazee ni Waislamu, jikoni wakawapikia samaki, mayai na mboga, na mpishi alikuja mezani mwenyewe kueleza kila sahani. Nyama ya halali usiitegemee mpaka kampuni ikuhakikishie kwa maandishi. Kibla hubadilika meli inapogeuka na mto, kwa hiyo mama alipendelea kuswali ikiwa gatini. Na mwezi Juni Vienna jua huzama karibu saa tatu usiku, Isha inakuwa usiku mnene. Wajue kabla.

Mto nao una mambo yake. Oktoba 2018 kipimo cha maji cha mji wa Kaub kwenye Rhine kilishuka hadi sentimita 25, maji yakiwa machache mno, na Septemba 2024 mafuriko yalizuia meli kwenye Danube nchini Austria. Yakitokea hayo abiria hupandishwa mabasi au huhamishiwa meli nyingine mbele, na mikataba mingi inairuhusu kampuni kufanya hivyo. Uliza kwa maandishi watalipa nini. Kwa jumla ningechagua mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni.

Viza sasa. Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungary zote ziko Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza moja inatosha, nayo huombwa ubalozi wa nchi watakayokaa siku nyingi zaidi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima iwe ya angalau euro 30,000. Maombi huanza kupokelewa miezi sita kabla ya safari, msingoje. Njia ikiendelea hadi Belgrade, Serbia iko nje ya Schengen, basi waombee viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Usilipe fedha yote ya meli kabla ya kusoma watakurudishia nini viza ikikataliwa.

Kuna njia nyingine, na kwa baba mwenye hamu ya kujitembeza ningeitanguliza: wapange chumba Vienna kwa wiki, siku moja wapande treni hadi Melk na kushuka na boti ya mchana hadi Krems, siku nyingine waende Budapest kwa treni, chini ya saa tatu tu. Mto watauona, na jioni ni yao.

Kama mama ndiye anayeitamani meli zaidi, basi waende, ila asikose mmoja wenu kwenda nao. Mezani watakaa na wageni, matangazo ni Kiingereza au Kijerumani, na wazee wawili peke yao jioni watahisi upweke. Bandika hapa ratiba uliyotumiwa na wakala, nikuoneshe vipande vinavyopitwa mchana na vile vya usiku.