Je, bakteria wa tumboni ndio wanaoninenepesha?

SWALI: Daktari, nina miaka 38, nauza mitumba soko la Kibuye, Kisumu. Tumbo hunichoma, hasa usiku. Nilipimwa damu kwenye zahanati nikaambiwa nina H. pylori. Tangu tumbo lianze kunisumbua nimenenepa sana. Jirani yangu sokoni anasema ni hao bakteria, nikiwamaliza kwa dawa nitapungua. Ni kweli?

JIBU: Dada yangu, usimeze dawa hizo kwa matumaini ya kupungua. Baadhi ya wanaotibiwa wakapona huongezeka uzito kidogo. Ukuta wa tumbo hutoa ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Bakteria hawa wakiuchubua ukuta huo kwa miaka, ghrelini inaweza kushuka; wakiondoka, hamu ya kula inaweza kurudi, na chakula sasa kinashuka bila maumivu.

Ndiyo maana mtaalamu wa Marekani, Martin Blaser, alidai kuwa kutoweka kwa bakteria hawa katika nchi tajiri huenda kumechangia unene huko. Mimi sijashawishika sana, maana huko magari na soda viliongezeka wakati huohuo. Kuna pia tafiti zilizowakuta walioambukizwa ndio wazito zaidi. Huku kwetu wengi huambukizwa utotoni: mwendesha boda mwembamba kama fito anao, na abiria wake mnene anao. Hata Barry Marshall wa Australia, aliyewanywa makusudi mwaka 1984 kuthibitisha kwamba wanadhuru tumbo, aliambulia kichefuchefu na kutapika, si kitambi.

Ninachotaka kujua ni hiki: tumbo likichoma, unakula nini? Kidonda kikiwa mwanzoni mwa utumbo mdogo, maumivu hutulia ukila, kisha hurudi baada ya saa mbili au tatu, na usiku hukuamsha. Kwa hiyo mtu hujituliza kwa chai ya maziwa na mandazi saa nne asubuhi, chapati alasiri, mkate saa nane za usiku. Maziwa nayo hutuliza kidogo tu, halafu asidi inaongezeka. Soda ya nusu lita pekee ina sukari karibu gramu 50. Nikikutana na mgonjwa wa hivi, hapo ndipo ninapoanza kutafuta kilo zake. Na kama unadungwa sindano ya kupanga uzazi, mwambie daktari wako. Wapo wanaonenepa kwa sindano hiyo.

Kipimo cha damu hakitoshi, kwani huonyesha hata maambukizi yaliyokwisha. Omba cha kinyesi au cha pumzi. Acha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wiki mbili kabla ya kupimwa, na antibiotiki wiki nne. Ukipatikana nao, tibiwa kwa ajili ya tumbo lako, maana wanaleta vidonda na hata saratani. Kwa kawaida dawa ni omeprazoli na antibiotiki mbili au zaidi, siku 14 bila kuruka. Tafadhali usinunue nusu dozi kwenye kemisti. Utawafundisha bakteria kuishi na dawa. Pima tena angalau wiki nne baada ya kumaliza.

Siku hiyohiyo ya kliniki pimwa sukari na presha. Lakini ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi tii na chenye kunata, usingoje kliniki: nenda hospitali siku hiyo, hata kama ni usiku.